Nilivyoacha Kukata kwa Picha

Mimi ni fundi cherehani wa Magomeni, Dar es Salaam. Ukipita mtaani kwetu utasikia nikiitwa "fundi wa kanga kuukuu". Jina hilo nimelipokea kwa furaha, ingawa miaka ya nyuma ningeona nimetukanwa. Wakati ule fahari yangu ilikuwa kitambaa kipya, na kadiri kilivyong'aa ndivyo nilivyokishika kwa moyo. Leo kazi yangu kubwa ni kanga na vitenge vya miaka ya 60, 70 na 80, pamoja na mashuka na mapazia ya maua ya enzi hizo yanayotoka kwenye mabelo ya mitumba. Nataka kueleza mabadiliko hayo yalivyonijia, maana hayakuishia kwenye aina ya kitambaa. Yalibadilisha mkono wangu.

Zamani nilikata kwa picha. Mteja anakuja na simu, ananionyesha gauni alilovaa msanii fulani, nachukua vipimo, namwambia, "Njoo Ijumaa." Kitambaa chenyewe kitanunuliwa baadaye Kariakoo au Mtaa wa Uhuru, pengine hata rangi bado haijaamuliwa. Mshono ulitangulia, kitambaa kikafuata. Msimu wa harusi ndio uliokuwa mavuno: sare za kamati, sare za akina shangazi, sare za marafiki wa bibi harusi, ukumbi mzima umevaa kitambaa kimoja. Nilikunja kitenge tabaka nne, nikaweka karatasi ya kukatia juu yake, nikapitisha mkasi mara moja. Ua likiangukia kwapani, basi limeangukia kwapani. Gauni lenyewe lilikuwa la usiku mmoja, na wiki inayofuata lilishalala chini ya kabati. Sijutii kazi hiyo. Ilinilipia kodi ya fremu, ikasomesha watoto, na wapo mafundi hodari wanaoifanya mpaka leo kwa uzuri na kwa haraka.

Aliyenigeuza ni mama mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Tanga, ambaye jina lake naliacha nyumbani kwake. Aliingia dukani akifuatana na mjukuu wake wa kike aliyebeba sanduku la bati. "Shikamoo mama," nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Hujambo? Wanao hawajambo?" Tulimaliza salamu zote, za nyumbani na za kazi, ndipo sanduku likafunguliwa. Ikatoka harufu ya karafuu. Mlikuwa na kanga zimepangwa doti kwa doti, na kila baada ya doti kadhaa kulikuwa na kifuko kidogo cha karafuu kilichoshonwa kwa mkono kufukuza mende.

Mjukuu alikuwa anaolewa. Yule mama hakutaka kitenge cha sare. Alitaka gauni lake na magauni ya binti zake yatoke humo sandukuni, kila mtu na doti yake. Nikatoa simu nimwonyeshe mishono. Hakuitazama. Alitandaza kanga moja juu ya meza yangu ya kukatia, akaweka kiganja katikati yake, akaniuliza, "Mji utauweka wapi?"

"Mgongoni, mama."

"Na pindo?"

Nikanyamaza nikifikiri.

"Na jina lake je? Litasomeka, au utalikata kichwa?"

"Nitaangalia, mama."

"Angalia sasa hivi. Mimi nipo, sina ninakokwenda." Akakaa kwenye benchi, akavua viatu.

Nikaiangalia ile kanga kwa macho mengine. Ilikuwa ya Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, alama yake ikiwa pembeni kwa herufi ndogo. Nyekundu yake ilikuwa imeiva, si ile nyekundu ya kupiga kelele. Kwenye pembe nne za mji kulikuwa na korosho kubwa nyeusi zenye vitone vyeupe ndani, na ukisogeza uso karibu uliona nyeusi imepanda kidogo juu ya nyeupe upande mmoja, ikaacha uwazi mwembamba upande wa pili, kwa sababu kila rangi ilichapwa kwa zamu yake na zamu mbili hazikukutana sawasawa. Juu kidogo ya pindo la chini, katikati, kwa herufi kubwa: WEMA HAUOZI. Vitambaa vingi vinavyochapwa kwa mashine za sasa havina kasoro ya namna hiyo. Mimi niliipenda papo hapo, na toka siku ile naitafuta kwenye kila kanga ya zamani ninayoishika.

Kitenge cha yadi sita ni mchoro mmoja unaojirudia mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo popote utakapokata utapata kipande kinachofanana na kingine. Kanga haiko hivyo. Kila moja ni picha kamili, kama sentimeta 150 kwa 110, yenye pindo pande zote nne, mji katikati, na jina mahali pake. Ukiikata ovyo umeigawa picha, na vipande havirudishi tena maana yake. Nilizunguka meza yangu nikipima kwa futi, nikikunja, nikikunjua, na mwenye kanga ananitazama bila kusema neno.

Jibu lilipatikana nilipoacha kufikiria gauni na kuanza kufikiria kanga. Upana wa sentimeta 110 unatosha kumfunika mtu kutoka kiunoni kushuka chini, na kipande cha juu kinabaki. Basi kanga mbili za doti ziwe sketi, moja mbele, moja nyuma. Pindo refu la chini liwe ndilo pindo la gauni, na jina lisomeke mbele na nyuma bila kuguswa. Pindo za ubavuni zikutane kwenye mshono wa kila upande, zishuke mstari mmoja kutoka kiunoni, na zipu ifichwe humo. Upana wa ziada niuvute marinda kiunoni ili mji ubaki mzima. Pindo la juu la kila kanga, ambalo ndilo pekee lililobidi kukatwa, nilitumie kwa kola, kwa ncha za mikono na kwa mkanda. Kwa sehemu ya kifuani nikashauri pamba nyeusi isiyo na ua, macho yapate pa kupumzikia. Yule mama akafikiri kidogo, akavaa viatu vyake. "Sasa unaweza kubaki nazo," akaniambia.

Kabla ya mkasi kulikuwa na kazi ambayo kwenye vitambaa vipya sikuwa naifanya. Kanga iliyolala sandukuni miaka mingi haianzi kuchakaa katikati, inaanzia kwenye mikunjo. Pale ilipokunjwa na kukunjuliwa na kukunjwa tena palepale, uzi huwa umechoka. Niliinyanyua kila kanga mbele ya mlango ili mwanga upite. Mahali palipo salama panaonekana pazito sawasawa, na palipochoka mwanga unapenya kwa mstari mwembamba. Hapo nilishika pande mbili za mkunjo kwa vidole gumba nikavuta taratibu. Pakistahimili, panashoneka. Pakitoa sauti ya kuchanika, hapo hapabebi mshono, na itabidi pawekewe kitambaa chepesi cha pamba kwa ndani au papangwe mahali pasipovutwa, mbali na kwapa na makalio.

Halafu maji. Kitambaa cheupe kilicholowa kidogo nilikisugua kwenye pembe ya ndani ya kila kanga nione kama rangi inatoka. Watu husema chumvi na siki hufunga rangi. Kwenye kanga iliyokwishachapwa miaka hiyo yote sijaona vikisaidia. Kinachosaidia ni maji baridi, sabuni isiyo kali, kila kanga kwenye beseni lake, na kuianika kivulini. Jiki isikaribie kabisa. Pasi nayo hupigwa upande wa nyuma. Kufua huku kunatoa wanga uliobaki, na wanga huo ndio chakula cha wadudu sandukuni. Pia kunalazimisha pamba irudi kabla ya kukatwa, isije ikarudi mwilini mwa mteja.

Kisha nilishona gauni la kwanza kwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi. Mafundi wa zamani walifanya hivyo kwa kitambaa cha thamani, na mimi nilijifunza chuoni nikaacha, kwa kuwa kitenge kipya ukikiharibu unanunua kingine. Kanga ya miaka ya 70 huinunui tena. Marekani yenyewe ina safari yake. Ilikuja pwani yetu kwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, kutiliana mkataba na Marekani mwaka 1833, na kufikia 1837 walishakuwa na konseli wao Zanzibar. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, soko likaingiliwa na viwanda vya nchi nyingine, lakini jina likabaki madukani mpaka leo. Kwa hiyo kitambaa kikuukuu kuliko vyote kwenye biashara yangu ndicho ninachokitumia kufanyia majaribio, kwa sababu ni rahisi.

Kwenye cherehani nilibadilisha mambo madogo. Natumia Butterfly ya miguu, maana inaenda pole kadiri mguu unavyotaka. Nikaweka sindano mpya namba 11, kwa sababu sindano butu haipenyi uzi mkongwe, inaukata. Mshono nikaurefusha kidogo, kwani matundu yakikaribiana sana kwenye pamba iliyochoka yanakuwa mstari wa kuchania. Uzi ukawa wa pamba, si ule mgumu wa polista. Gauni likivutwa ghafla, afadhali uzi ukatike nikaushone tena kuliko uzi ubaki mzima na kanga ichanike. Ncha za ndani sikupiga ovaloki. Nilishona kwanza kwa nje, nikageuza, nikashona tena kwa ndani, ncha zote zikafichika humo. Kazi ya gauni moja ilinichukua muda ambao zamani ningemalizia sare za meza nzima.

Yule mama alikuwa akija kukagua, na akija alikuwa na hadithi ya kila doti. Moja aliipata kwa foleni mwanzoni mwa miaka ya 80, nchi ilipokuwa haina kitu baada ya vita vya Kagera, na kanga zikawa za kugawiwa kwa zamu kwenye maduka ya RTC, kampuni za biashara za serikali mikoani. "Ukisikia RTC wameshusha kanga," aliniambia, "unaacha ugali jikoni." Hukuchagua ua wala jina. Ulichopewa ndicho ulichokipenda. Baadaye, kuanzia mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, kanga za nje zikarudi madukani kwa wingi na mitumba nayo ikarudi, lakini ile doti ya foleni hakuivaa. Aliiweka kwa sababu ilimgharimu usingizi.

Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na kigauni cha kitenge cha manjano na kahawia, kimefupishwa kwa ujana. Chini yake kimeongezwa kipande cha kitambaa kingine, upana wa kiganja, kimeshonwa kwa mkono kwa mishono midogo iliyolingana. Nikauliza. Akacheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa msichana hapa Dar es Salaam mwishoni mwa 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na Januari 1969 ikaanza. "Wenzangu walificha nguo zao. Mimi nikaongezea yangu." Nilikichukua kile kigauni nikakigeuza ndani nje. Kipande cha chini kilichaguliwa ili mstari wake wa kahawia uendelee na mstari wa kitenge cha juu. Msichana asiyesomea ushonaji aliyasoma maua ya kitambaa kabla ya kutia sindano, katikati ya hofu na haraka. Mimi nilikuwa na cheti ukutani.

Tangu hapo sikuweza kushika kitambaa bila kukigeuza pembeni kutafuta kilikotoka. Wateja waliposikia habari za yale magauni harusini, wakaanza kuleta masanduku ya mama zao, na pole pole nikajifunza kuzisoma alama. Urafiki kilichojengwa Ubungo kwa msaada wa China kilianza kazi mwaka 1968, na vitambaa vyake ndivyo vingi zaidi mikononi mwangu. Vipo vya Mwatex ya Mwanza, vya Mutex ya Musoma, vya Kiltex na vya Sunguratex, viwanda ambavyo vijana wengi wanavijua kwa majina ya vituo na mageti tu. Kabla ya viwanda hivyo kanga nyingi zilichapwa ng'ambo, India, Japani, Uingereza na Uholanzi, kwa maagizo ya wafanyabiashara wa pwani. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846 na inayojulikana leo kwa vitenge vya nta, ilichapa pia kanga za soko letu. Na ukiona herufi K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla", kanga hiyo ni ya Mombasa, ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 na ambalo liko Mtaa wa Biashara.

Alama zinasaidia, lakini mchoro peke yake haukuambii umri. Kisutu, kwa mfano, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe ya kumpamba bibi harusi, ni ya zamani mno na inachapwa hadi leo kwa mchoro uleule. Anayekuuzia kisutu cha "enzi za bibi" kwa bei ya bibi, mwambie subiri. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome. Pamba huungua upesi na kuacha jivu laini la kijivu linalosagika kwa vidole. Uzi wenye polista hunywea, unayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kwa kitenge, kigeuze. Cha nta halisi kina rangi nzito pande zote mbili, na mishipa myembamba isiyorudiana pale nta ilipopasuka na rangi ikapenya. Kilichochapwa kuiga nta kina mishipa inayojirudia ileile kila baada ya ua, na nyuma yake ni hafifu.

Macho yalipozoea nikaanza kwenda Ilala asubuhi mabelo ya mashuka yanapofunguliwa. Wauzaji walidhani nimepotea njia, maana mwenye biashara ya nguo hutafuta magauni na majinzi. Mimi natafuta pazia zito la pamba lenye maua makubwa ya rangi ya chungwa na kahawia, shuka lenye duara ndani ya duara, kitambaa cha meza chenye matunda. Hivyo vilichapwa Ulaya miaka ya 60 na 70, vikatundikwa madirishani huko, wenyewe wakavichoka. Pazia moja hutoa koti la mwanamke na mkoba juu. Siku moja nilishika pazia lenye maua makubwa mekundu, na kwenye ukingo wake palichapwa jina la kampuni ya Marimekko ya Ufini, jina la mchoro, Unikko, jina la mchoraji, Maija Isola, na mwaka, 1964.

Nilisimama na lile pazia sokoni nikitafakari. Mchoraji wa ua la pazia ameandikwa kwenye kitambaa chake, na miaka mingi baadaye fundi wa Magomeni anamjua. Kanga zetu zimeandikwa jina la tajiri au la kiwanda, na katikati zimeandikwa usemi wa watu wote. Aliyechora zile korosho, aliyeamua nyeusi ikae wapi na nyekundu iishie wapi, hayumo. Nilikuwa nimezishika kanga maisha yangu yote bila hata kuwaza kwamba kulikuwa na mtu amekaa na kalamu. Tangu siku ile kila nguo ninayoshona kwa kitambaa cha zamani ina kilebo ndani, kiunoni, kimeandikwa kwa wino usiofutika: kiwanda kama kinajulikana, mwaka kama unajulikana, na jina la aliyekitunza. Magauni ya yule mama wa Tanga niliyarudia, nikayatia lebo baada ya harusi. Aliyekitunza kitambaa miaka hiyo yote anastahili angalau mstari mmoja.

Mwanzoni kipato kilishuka. Fundi anayeshona nguo chache kwa uangalifu hawezi kushindana na anayeshona sare za kamati, na kodi ya fremu haijui kanga kuukuu. Nilipunguza sare kidogo kidogo, si kwa siku moja. Kilichonibeba ni kwamba mteja wa kitambaa cha zamani hanipigii hesabu ya mita. Analeta kitambaa mwenyewe, ananilipa ufundi. Na anajua hakuna pengine pa kukipata kingine, kwa hiyo hanisukumi na "kesho". Bei yangu ya ufundi ikapanda, kazi zikapungua idadi, na mwisho wa mwezi ukaanza kulingana na wa zamani. Magoti na mgongo vilifaidika zaidi kuliko mfuko.

Hata tabia yangu mezani ilibadilika. Sasa mteja akija na picha, naipokea kwa heshima, naiweka pembeni, namwambia atandaze kitambaa. Tunakizunguka wote wawili. Namuuliza anataka jina lisomwe na anayekuja mbele yake au na anayebaki nyuma. Swali hilo huleta kicheko, halafu huleta habari. Binti mmoja alitaka "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake" likae mgongoni kabisa, maana walengwa wake humsema akishapita. Nikamshonea, mji mzima mgongoni, pindo likizunguka mabega. Kwa picha ya simu tusingefika hapo.

Wapo wazee wanaoniambia kanga haikatwi. Inavaliwa doti, inafungwa, inabeba mtoto, inamsitiri mtu siku ya msiba, na kuigeuza gauni ni kuipunguzia kazi zake. Sibishani nao, kwa sababu wana haki. Kwa upande wangu nimejiwekea mipaka. Kanga ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi za Kiarabu siikati, hata mwenyewe akiniruhusu. Hizo ni za zamani sana na zimebaki chache. Kanga ya harusi ya marehemu siikati mpaka watoto wote wamekubaliana, maana nimeona ndugu wakinuniana dukani kwangu kwa sababu ya doti moja. Na kanga iliyochoka mikunjoni simdanganyi mtu kwamba itafaa gauni. Naitia bitana ya pamba nyepesi, nazungushia pindo, arudi nayo nyumbani ajifunike au aitundike ukutani. Wanaokata mji wa kanga za zamani wakashonea foronya za kuuzia watalii, kila mtu na riziki yake, lakini mashine yangu haitoi kazi hiyo.

Wasichana ninaowafundisha huanza na kitambaa cha zamani kabla ya kipya. Wenzangu wanaona nawachelewesha. Mimi naona hivi: anayejifunzia kwenye kitenge cha bei rahisi anajifunza kukata, na anayejifunzia kwenye shuka la mitumba lenye ua moja kubwa katikati anajifunza kufikiri kabla ya kukata. Nawapa shuka, nawaambia watoe sketi bila kulipasua lile ua. Wengine hukaa nalo mchana kutwa wakilizunguka na chaki. Nawaacha. Anayeniletea shuka limekatwa ndani ya dakika chache huwa namrudisha kwenye vifungo.

Kwa anayetaka kuanza nyumbani, nasema aanze na kitambaa ambacho hakina uchungu kwake, si kanga ya mama mzazi. Anunue shuka la pamba la mitumba lenye maua, alifue, alinyanyue mbele ya dirisha, avute mikunjo, achome uzi. Alitandaze chini sebuleni, apande kwenye stuli alitazame kwa juu, maana ukiwa umelisogelea unaona ua moja moja tu. Aandike mahali gani pasiguswe, halafu ndipo achague mshono unaopaacha pale palivyo. Mishono rahisi ndiyo inayofaa: sketi ya marinda, gauni lililonyooka lenye mikono mipana, koti lisilo na kola. Mikato mingi, denti nyingi na vipande vya mshazari vinakula ua. Apige bandi kwa mkono kwanza, ajaribu mwilini, ndipo aende kwenye cherehani. Mabaki asitupe. Vipande vya pindo hufunika vifungo na kutengeneza vitanzi, na rangi hiyo hataipata dukani.

Mimi sijawa mtu wa kale. Simu ninayo, na gauni la picha nikiliona zuri nalisifia. Anayelitaka kwa Ijumaa namwelekeza kwa jirani yangu wa fremu ya pili, anashona vizuri na hachelewi. Mwenye sanduku la mama yake aje kwangu, na aje na sanduku zima, si doti moja aliyoichagua kwa haraka akiwa nyumbani. Huwa tunakagua mpaka ya mwisho chini kabisa, na mara nyingi iliyofichwa huko ndiyo inayostahili kushonwa.